Mama Mwenye Nyumba Alivyosubiri Majibu

Mara ya kwanza Mama Mwenye Nyumba aliponipa sufuria yake kubwa ya pilau, nilidhani amenipenda. Nilikuwa mgeni kwenye nyumba yake ya Mkuyuni, mwalimu wa shule ya msingi mwenye chumba kimoja, kitanda na mtungi mdogo wa gesi. Alibisha hodi jioni, akaisukuma sufuria mpaka ndani kwa mguu, akasema, "Chukua, Mwalimu. Mimi sina haja nayo tena."

Nilimshukuru sana. Nikaiosha, nikaitafutia mahali chini ya kitanda. Haikumaliza wiki mbili. Alirudi mlangoni mchangamfu, kanga imefungwa kiunoni, akauliza, "Ile sufuria yangu iko wapi? Nina wageni Ijumaa."

Nilimpa, nikabaki nimeduwaa. Fundi viatu wa chumba cha mbele, aliyekaa pale muda mrefu kuliko sisi wote, ndiye aliyenielewesha. "Usijali," alisema, huku akiendelea kushona soli. "Alikuwa anakwenda kupima. Majibu yametoka mazuri, kwa hiyo anakusanya vitu vyake. Mimi nimemrudishia pasi na feni."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mama yule aliwahi kuugua kansa ya utumbo. Alikuwa amepasuliwa, amewekewa dawa za dripu kwa miezi mingi, nywele zimenyonyoka na kuota upya, na yote hayo yalikwisha kabla sijahamia. Kilichobaki kilikuwa kufuatiliwa. Kila miezi mitatu alipanda kwenda hospitali kubwa, akalazwa kwenye ile mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, ambayo sisi wapangaji tuliiita skani. Kisha alisubiri majibu kama wiki moja. Kabla ya kwenda aligawa vitu. Majibu yakiwa mazuri alipita vyumbani kuvidai.

Ukoo wake sitaueleza. Kila mpangaji alikuwa na habari zake kuhusu wazee wa mama yule walitoka wapi na walikuja Mwanza kuuza nini, naye hakuwahi kumsahihisha mtu. Ninachokijua ni nilichokiona mwenyewe kwa miaka niliyokaa naye. Alikuwa mnene kiasi, mwepesi wa miguu, na sauti yake ilifika mpaka duka la kona bila yeye kuinuka kwenye kiti. Alifuatilia mambo mawili redioni: matangazo ya vifo na mpira. Alishabikia timu moja ya Dar es Salaam ambayo siitaji, kwa sababu ni wapinzani wa timu yangu.

Kwa maji alikuwa mbahili wa kutisha. Bomba la uani lilikuwa na kufuli, na ufunguo aliuning'iniza shingoni pamoja na tasbihi. Ukichota ndoo ya pili bila kumwambia, utasikia habari yako barazani. Lakini mtu huyohuyo, mpangaji akiugua, alimpelekea uji wa moto kabla hajaombwa, na kama ni mwanamke aliyejifungua, alimchotea maji ya kuoga mwenyewe. Nilipomwuliza mbona maji ya wazima anayapima na ya wagonjwa hayapimi, alinitazama kama mtoto aliyeuliza swali la kijinga. "Mgonjwa hachezi na maji," alisema.

Watu walipozungumzia ugonjwa wake walikuwa wakinong'ona. Walisema "lile tatizo" au "ugonjwa ule". Yeye hilo halikumpendeza hata kidogo. Siku moja jirani alikuja kukaa barazani, uso wa msibani, akasema, "Pole bibiye, na lile tatizo."

"Tatizo lipi? Choo kimeziba?"

"Lile la... ule ugonjwa."

"Sema kansa," alimwambia. "Nilikuwa na kansa, wakaikata. Ukiitaja haikung'ati."

Jirani alimeza chai yake haraka akaondoka. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari pale pembeni, na jambo moja lilinishangaza tangu siku ile. Mwanamke aliyeitaja kansa kwa sauti ya kutangazia samaki hakuweza kulitamka neno skani. Aliiita "kule". "Wiki ijayo nakwenda kule." "Waliniambia kule." Ugonjwa aliouugua ulikuwa na jina, na mashine iliyomwangalia kama umerudi haikuwa nalo.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nafundisha sayansi, na hata kama nisingefundisha sayansi ningekuwa hivyohivyo. Nikaanza kumchunguza. Niligundua kwamba dalili zilianza siku kumi hivi kabla ya kwenda: chumvi inazidi kwenye mboga, redio inazimwa katikati ya mechi, anafagia ua uliofagiliwa tayari. Halafu vitu vinaanza kutoka. Vijiko, pazia, kanga mpya zilizo bado na gundi. Hakuwapa ndugu zake hata siku moja, nasi wapangaji tulijiuliza kwa nini. Nilipomwuliza, hakufikiri hata kidogo.

"Ndugu hawarudishi," alisema.

Baadaye daktari alimwambia mambo yanaendelea vizuri, sasa aende kila miezi sita. Siku hiyo alipika pilau ya kulisha mtaa. Sote tulimpongeza, na mimi nilidhani hofu yake nayo itapungua nusu, kwa hesabu rahisi ya darasani. Haikuwa hivyo. Ni kweli, sasa alipata miezi minne, mitano, ya kuwa mtu wa kawaida kabisa, ya kucheka na kugombana juu ya maji. Lakini wiki ya kwenda kule ilipofika, ilimshika vibaya kuliko zamani. Safari ile hakugawa vijiko. Aligawa cherehani, na friji aliyokuwa akiuzia barafu. Fundi viatu alibebeshwa friji ambayo chumba chake hakikuwa hata na soketi ya kuichomeka.

Nilishindwa kuvumilia. Nikamfuata alipokuwa anaanika nguo. "Mama, shikamoo. Naomba nikuulize kitu. Ni afadhali lini, ulipokuwa unakwenda mara nyingi au sasa unapokwenda mara chache?"

"Marahaba. Hilo ni swali la mtihani?"

"Hapana, nataka kujua tu."

Hakunijibu siku ile. Alinijibu siku ya tatu, nikiwa nimekwishasahau. "Nilipokuwa nakwenda mara nyingi," alisema, "woga ulikuwa kama jirani. Kila siku tunaonana, tunasalimiana, tumezoeana. Sasa unakaa mbali miezi mingi, nausahau kabisa, halafu unakuja na mabegi."

Mtu aliyenifanya nielewe kwamba jibu lile lilikuwa la kwake peke yake, si la kila mgonjwa, alikuwa rafiki yake. Walikutana kwenye benchi la hospitali, wote wawili wakisubiri kuitwa. Yule mwingine alikuwa mkulima wa mpunga kutoka Sengerema, Msukuma mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini, anayesema "harafu" badala ya "halafu". Naye alikuwa amepasuliwa tumbo kwa ugonjwa uleule. Alivuka ziwa kwa kivuko siku moja kabla ya kipimo, akalala kwa Mama Mwenye Nyumba, na kila alipokuja alibeba mchele na michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo wapangaji tulivingoja kwa hamu. Sisi tulimwita Mama wa Sengerema.

Yeye alikuwa kinyume kabisa. Skani aliipenda. Alikwenda kupima kama mtu anayekwenda harusini, na majibu yakitoka mazuri alilala usingizi wa mtoto kwa wiki nyingi. Shida yake ilianza muda ulipokuwa unapita. Alianza kujibonyeza tumbo. Alipata kikohozi kidogo, akajua imepanda mapafuni. Alipiga simu Mkuyuni kila siku kueleza kitu kipya alichokisikia mwilini. Daktari alipomwambia na yeye aende kila miezi sita, alilia palepale ofisini, akaomba arudishiwe mitatu.

Niliwasikiliza wakibishana uani asubuhi moja, wanachambua mchele, sinia moja katikati yao.

"Wewe unataka kuchungulia kila siku," Mama Mwenye Nyumba alisema. "Ukipewa ile mashine utaiweka chumbani."

"Ningeiweka, kwa kweli. Wewe unataka kufumba macho."

"Sifumbi. Nataka kusahau. Mtu aliyepona si ana haki ya kusahau?"

"Harafu ikirudi wakati umesahau?"

"Ikirudi itaniuma, nitajua."

"Ya kwanza ilikuuma?"

Mama Mwenye Nyumba alitoa jiwe kwenye mchele, akalirusha mbali kuliko ilivyokuwa lazima.

Nilikaa nikiwaza nani kati yao yuko sahihi, na kadiri nilivyowatazama ndivyo nilivyozidi kutojua. Ugonjwa ni mmoja, mashine ni moja, benchi ni moja. Mmoja alipata amani picha ilipokuwa karibu, mwingine ilipokuwa mbali.

Kisha ukafika mwaka ambao Mama Mwenye Nyumba aliambiwa sasa ni mara moja kwa mwaka. Alirudi na habari hiyo bila kupika pilau. Miezi ilipita kwa furaha kweli. Alinenepa, akapaka nyumba rangi ya kijani, akaenda Bukoba kwenye harusi. Na sisi wapangaji tulisahau, kama yeye alivyosahau.

Siku ya kwenda kule ilipokaribia, safari hii hakugawa kitu hata kimoja. Badala yake alimpigia simu mdogo wake wa kiume aliyekaa Geita, mtu ambaye hatukuwahi kumwona hata Idi, akamwambia aje achukue nyumba.

Fundi viatu alikuja kwangu na uso umemshuka. "Mwalimu, huyo ndugu akija tumekwisha. Nimesikia anataka kuvunja vyumba vya uani ajenge baa. Na yeye mama atakaa wapi majibu yakiwa mazuri? Sufuria inarudi. Nyumba hairudi."

Nilimwendea barazani. Nilimkuta amekaa, redio imezimwa. Nikamwuliza kama ni kweli.

"Ni kweli. Ataingia mwezi ujao."

"Lakini Mama, hujui bado majibu."

"Mwaka mzima, Mwalimu," alisema. "Miezi mitatu inaota nini? Kitu kidogo. Mwaka mzima inaweza kuota chochote. Na mimi nilikuwa nakula harusi."

Siku ya kipimo aliondoka asubuhi amevaa buibui lake jeusi, ameshika pochi, ametuaga vizuri. Mchana simu yake ililia ndani ya nyumba. Alikuwa ameiacha. Ililia mpaka nikaingia kuipokea, na nesi wa hospitalini akauliza mgonjwa yuko wapi, maana zamu yake imepita na hajaonekana.

Hatukuhitaji kufikiri sana. Nilipiga kwa Mama wa Sengerema, akaniambia kwa ile sauti yake ya chini, "Yuko hapa, anakoboa karanga. Hataki nikwambie."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilivuka kwa kivuko cha asubuhi, nikapanda pikipiki mpaka kwa Mama wa Sengerema, nyumba ya tofali za kuchoma iliyo na mpunga umeanikwa mbele kwenye maturubai. Walikuwa wamekaa kivulini ubavuni mwa nyumba. Mama Mwenye Nyumba aliponiona hakushangaa, akasogea nipate nafasi mkekani.

"Umekuja kunisomea," alisema.

"Nimekuja kukuona."

"Basi umeniona."

Tulikoboa karanga. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi ya kitaalamu kutoka vitabu vya sayansi, na yote yalinikauka mdomoni. Yeye ndiye aliyeanza.

"Mimi mashine siiogopi," alisema. "Unalala, inakuzunguka, unashuka. Majibu pia siyaogopi sana. Wakiniambia imerudi, nitajua la kufanya, nilishafanya. Ninachokiogopa ni ile wiki ya katikati, wanapokuwa wameshapiga picha lakini hawajaniambia. Kuna mtu hospitalini ameshaona ndani yangu, amekwenda kunywa chai, na mimi sijui. Wiki hiyo si mgonjwa, si mzima. Sijui nijiite nani."

Mama wa Sengerema akapangusa mikono kwenye kitenge.

"Kama huitaki, nipe mimi," alisema.

"Nikupe nini?"

"Zamu yako. Mimi nimeambiwa nisubiri mpaka baada ya mavuno, naililia. Wewe umepewa, umeikimbia. Nipe."

Mama Mwenye Nyumba alimtazama. "Wana jina langu pale. Tumbo langu. Nitakupaje?"

"Kumbe unajua ni tumbo lako."

Mama Mwenye Nyumba akaanza kucheka, kwanza pole pole, kisha mpaka karanga zikamwagika mapajani. Alicheka hadi akalia, na alipolia hakujificha. Rafiki yake aliokota karanga moja moja, akazirudisha kwenye ungo.

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni tukaenda watatu. Daktari alikuwa kijana mpole, mwenye miwani, na niliogopa angewagombeza. Hakuwagombeza. Aliwasikiliza mmoja mmoja, mpaka mwisho, bila kutazama saa. Mama wa Sengerema alisema anataka picha nyingi zaidi. Mama Mwenye Nyumba alisema hataki hata moja.

"Picha siwezi kuongeza kwa sababu ya woga," daktari alisema. "Ile mionzi si ya kuchezea. Na ukipiga picha mno utaona vivuli vidogo visivyo na maana, tutaanza kuvikimbiza, utateseka bure. Kuacha kabisa pia siwezi, bado mapema. Lakini mnavyosubiri, hapo naweza kufanya kitu."

Mama wa Sengerema alipangiwa awe anakuja kwa nesi katikati ya vipimo. Hakuna mashine. Nesi atamshika tumbo, atampima uzito, atamsikiliza, na kama kuna kitu cha kutia shaka ndipo wataongea habari ya picha. Mama Mwenye Nyumba naye aliambiwa kwamba kuanzia sasa tarehe hatapewa mapema. Atapigiwa simu siku moja kabla. Na akishapigwa picha asiende nyumbani, akae pale pale mpaka isomwe aambiwe.

"Hata kama ni jioni?" aliuliza.

"Hata kama ni jioni. Nitakuja mwenyewe kukuambia."

Alipimwa siku ileile. Tulikaa kwenye benchi, yeye katikati. Daktari alipotokea mlangoni alianza kutikisa kichwa kwa furaha kabla hata hajatufikia, na Mama Mwenye Nyumba akamwambia, "Sema kwa mdomo, mwanangu. Nisije nikaelewa vibaya."

"Hakuna kitu, Mama. Pasafi."

Mdogo wake wa Geita alifika wiki iliyofuata na begi kubwa na futi ya kupimia. Alikaribishwa vizuri sana. Akalishwa wali na sato wa nazi, akaulizwa habari za watoto, na alipotaja habari ya nyumba, dada yake akamwambia, "Nyumba bado naikalia," akamwongezea mchuzi. Alirudi Geita na kuku mmoja miguu imefungwa.

Sitasema kwamba alipona woga. Simu ya hospitali ilipoingia, ile siku moja kabla, bado chumvi ilizidi na redio ilizimwa. Lakini ilikuwa siku moja. Muda wa kugawa vyombo haukutosha. Na Mama wa Sengerema, ambaye nilidhani kushikwa tumbo na nesi hakutamtosha, kulimtosha. Alikiri kwamba hakuwa anaitamani mashine. Alikuwa anatamani mtu wa kumwambia. Nilipenda kujua kama ingekuwa hivyo kwa wagonjwa wengine, lakini nilikuwa na hawa wawili tu, na wenyewe hawakufanana.

Nilijenga Mkolani, nikahama. Tuliendelea kupigiana simu, mara nyingi kidogo kwanza, baadaye sikukuu kwa sikukuu.

Mwaka huu, mwezi mmoja uliopita, nilikuwa nimeshuka mjini kufuata mzigo wa dagaa unaotoka ng'ambo, nikamwona kwenye gati la kivuko. Amezeeka, anatembea kwa fimbo, lakini sauti ni ileile. Alikuwa anagombana na kijana wa mkokoteni aliyetaka kupita alipokuwa amesimama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ni wewe? Umenenepa."

Nikamwuliza, kama kawaida yangu, kule wanasemaje. Akaniambia kule hawamwiti tena. Miaka imetimia, daktari amemwambia hakuna picha nyingine mpaka yeye mwenyewe asikie kitu.

"Na unajisikiaje?"

"Siku za kwanza nilikuwa kama mtu aliyeshuka kwenye gari bado linatembea. Sasa sijui. Sina nafasi ya kufikiria." Alionyesha ziwa kwa fimbo. Kivuko kilikuwa kinakaribia. "Kansa ya mwenzangu imerudi. Nesi ndiye aliyeishika, kidogo, upande wa ini. Hata picha yenyewe walikuwa hawajampangia. Anakuja kwa dawa za dripu, mara ya nne hii. Kila akija mimi ndiye ninayekaa naye kule."

Alisema "kule" bila kusita, kama mtu anavyotaja sokoni.

Mlango wa kivuko ulishuka, watu wakatoka, na nyuma yao kabisa akatoka Mama wa Sengerema, kilemba kichwani, kitenge kimemlegea, anatembea pole pole na kapu dogo. Mama Mwenye Nyumba alimwacha yule kijana wa mkokoteni katikati ya neno, akamwendea, akamnyang'anya kapu.

"Nilikukataza kubeba."

"Ni michembe tu."

"Michembe ina uzito." Akanigeukia. "Mwalimu, shika mkono ule mwingine. Na usimwulize maswali."

Nikashika. Mkono ulikuwa mwepesi na wa moto. Tulitembea tukipandisha kuelekea zilipo bajaji, na mimi nilinyamaza kama nilivyoagizwa. Ni mgonjwa mwenyewe aliyeanza kuniuliza mimi: Mkolani nimejenga upande gani, udongo wake unakubali mahindi, mwanangu wa kwanza amefika darasa la ngapi, na kwa nini sikuwahi kuja Sengerema tena. Nikamjibu yote, moja baada ya jingine, na kila nilipomaliza alikuwa na jingine tayari.